MANENO MAGUMU KATIKA KITABU CHA HADITHI
Namna msomaji awezavyo kuyapata na kuyaweka

Kusoma ni mambo mawili. La kwanza ni kuzijua herufi na kuziunganisha hata sauti ya neno itoke kinywani. La pili ni kuijua maana ya neno lile lililotoka. Watu wengi waliopita shuleni wamelipata jambo la kwanza sawasawa, walakini la pili limewapita. Kijana aweza kusimama mbele ya wazee akasoma ukurasa mzima bila ya kukwama, lakini akiulizwa, "Je, habari hii yasema nini?" hunyamaza kimya. Huyo ni kama mpagazi aliyebeba mzigo wala hajui kilichomo ndani.

Jambo hili huonekana zaidi mwanafunzi anapopewa riwaya, yaani kitabu kirefu cha hadithi, akisome kwa ajili ya mtihani. Katika shule za sekondari za Kenya na za Tanzania riwaya ni sehemu ya mafunzo ya Kiswahili, na mtihani huuliza habari za watu waliomo, mambo waliyoyatenda na sababu zake. Tena katika vijiji vingi Kiswahili si lugha ya kwanza ya mtoto. Nyumbani husemwa Kisukuma, au Kigogo, au Kikamba, au Kidholuo. Hata mtoto wa pwani, ambaye Kiswahili ni lugha ya mamaye, hukuta katika riwaya maneno asiyopata kuyasikia jikoni wala sokoni. Kwa hiyo yafaa walimu, wazazi na wakubwa wa vijiji wajue namna ya kumsaidia mwanafunzi huyu, maana ada imekwisha kulipwa na mwaka haurudi nyuma.

MAKOSA MAWILI

Wasomaji hukosea kwa njia mbili. Mmoja husimama kwa kila neno asilolijua, akafungua kamusi, akaandika, akaendelea hatua moja, akasimama tena. Afikapo mwisho wa ukurasa amekwisha sahau mwanzo wake, na hadithi yote imemfia mikononi. Mwingine huruka kila neno gumu kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe. Hufika ng'ambo upesi, lakini ukimwuliza habari za mto hana la kusema.

Njia iliyo bora iko katikati, nayo huanza na kipimo. Mwaka 2000 wataalamu wawili, Hu Hsueh-chao na Paul Nation, walitangaza habari za uchunguzi wao juu ya watu waliosoma hadithi kwa Kiingereza, lugha isiyo yao. Waliona ya kuwa msomaji aliyejua maneno 80 tu katika kila maneno 100 hakuweza kuifahamu hadithi ipasavyo. Wakakadiria ya kuwa, ili mtu asome peke yake na kuelewa vema, yapasa ajue kama maneno 98 katika kila 100. Kiswahili si sawa na Kiingereza, kwa sababu neno letu moja hubeba viungo vingi ndani yake. Walakini kipimo hiki chaweza kutuongoza. Mwalimu na afungue kitabu katikati, amwambie mwanafunzi ahesabu maneno asiyoyajua. Yakiwa sita katika ukurasa wa maneno 300, mwanafunzi aweza kuendelea mwenyewe. Yakiwa 30, asiachwe peke yake. Mwalimu amfundishe kwanza baadhi ya maneno ya sura ile kabla hajaanza kuisoma.

NENO GANI LICHAGULIWE

Si kila neno gumu lenye haki ya kumsimamisha msomaji. Ikiwa mwandishi amesema ya kuwa mti fulani ulikuwa karibu na nyumba, nawe huujui mti huo, endelea mbele. Yatosha kujua ya kuwa ni mti. Lakini yako maneno ya namna tatu ambayo hayafai kurukwa. Kwanza, neno lililorudi mara ya pili na ya tatu, kwa kuwa hilo litarudi tena. Pili, neno ambalo usipolijua huwezi kusema ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendwa. Tatu, neno lionyeshalo sababu ya jambo, kama vile hasira, wivu, tamaa, toba au hofu, maana hapo ndipo mtihani huuliza.

Tutwae mfano wa kitabu kimoja mashuhuri, "Kusadikika," kilichoandikwa na Shaaban Robert wa Tanga na kuchapishwa mwaka 1951. Kitabu hicho chasimulia habari za nchi iliyo angani, na mtu mmoja, jina lake Karama, aliyeshitakiwa mbele ya mfalme na waziri aitwaye Majivuno kwa kuwa alifundisha uanasheria. Katika kujitetea, Karama aeleza habari za wajumbe sita waliopelekwa nchi nyingine kutafuta mambo ya manufaa, nao waliporudi wakatiwa kifungoni.

Msomaji asiyejua maana ya neno majivuno amepoteza nusu ya habari ya waziri yule kabla hajasema neno. Mtu ajivunaye hujiona mkubwa kuliko wenzake, na tabia hiyo imo katika jina lake. Kadhalika kati ya wajumbe wamo Fadhili, yaani wema. Na Auni, yaani msaada. Na Amini, ambalo hata mtoto alijua. Tena jina la nchi lenyewe ni somo. Kusadiki ni kuamini. Kusadikika ni kuweza kuaminiwa. Je, nchi iliyo angani yaweza kuaminiwa? Mwandishi amemwekea msomaji swali hilo katika jalada la kitabu. Anayelipita jina hilo bila ya kulifikiri ameupita mlango, naye atafuta nyumba.

ULIZA SENTENSI KWANZA

Kabla ya kufungua kamusi, msomaji aulize maneno yaliyo jirani. Tazama sentensi hii tuliyoitunga kwa mfano:

"Mshitakiwa hakutetereka, ijapokuwa mashahidi walimsingizia mbele ya halaiki ya watu."

Tuseme ya kuwa mwanafunzi hajui maneno matatu: kutetereka, kusingizia na halaiki. Na aanze kwa yale ayajuayo. Yuko mshitakiwa na wako mashahidi; basi hapa pana kesi. Neno "ijapokuwa" lamwambia ya kuwa sehemu mbili za sentensi zapingana: mashahidi walifanya jambo baya lililoweza kumtisha, lakini yeye hakutishika. Kwa hiyo kutetereka ni kitu kama kuyumba au kutikisika. Kusingizia ni jambo baya ambalo shahidi aweza kumfanyia mshitakiwa, nalo ni kumtilia neno asilolitenda. Na "halaiki ya watu" haiwezi kuwa ila kundi au umati. Sasa akifungua kamusi ataona ya kuwa amekaribia sana, na neno alilolitafuta kwa akili yake kabla ya kuambiwa hukaa zaidi kichwani.

Lakini tahadhari: kukisia si kujua. Kisio hupimwa kwa kamusi, kama fundi apimavyo kwa futi ubao alioukata kwa jicho.

KULIMENYA NENO

Hapa ndipo wanafunzi wengi hushindwa. Wamepewa kamusi, wametafuta neno kama lilivyoandikwa kitabuni, hawakuliona, wakasema kamusi ni mbovu. Neno la Kiswahili mara nyingi limevikwa nguo mbele na nyuma. Kamusi huliweka bila ya nguo zile. Lazima limenywe kama muhindi, ganda moja moja, hata ifikiwe punje.

Mfano: "walipopatanishwa." Ondoa "wa," ndio wao. Ondoa "li," ndio wakati uliopita. Ondoa "po," ndio pale au wakati ule. Imebaki "patanishwa." Ondoa "w" ya kutendwa, upate "patanisha," yaani kuwafanya watu wapatane. Rudi nyuma tena, upate "patana," yaani kukubaliana, na mwanzo wake ni "pata." Msomaji aliyelimenya neno hili mara moja amejua maneno manne kwa kazi moja.

Majina nayo yana mitego yake. "Nyuso" hutafutwa katika "uso." "Kuta" hutafutwa katika "ukuta." "Ndimi" ni wingi wa "ulimi," "nyufa" ni wingi wa "ufa," na "mbavu" ni wingi wa "ubavu." Mwanafunzi asiyejua hayo atalitafuta "ndimi" katika herufi ya N mpaka taa iishiwe na mafuta.

Tena ajihadhari na herufi moja iwezayo kugeuza maana yote. Kufumba ni kufunga macho. Kufumbua ni kuyafungua. Kuezeka nyumba ni kuiweka makuti au nyasi. Kuiezua ni kuyaondoa. Kuanika nguo ni kuziweka juani. Kuzianua ni kuziondoa. Mtu asomaye ya kuwa nyumba ya mjane iliezuliwa, naye akadhani ya kuwa iliezekwa, amemwona mdhalimu kuwa mfadhili, na hadithi yote itampotea kutoka hapo.

Na katika maneno yaliyotoka Kiarabu yako mashina mengine. Hukumu, hakimu na mahakama ni ndugu watatu. Sikiliza sauti za h, k na m. Kitabu, katibu, maktaba na mkataba ni ndugu wanne. Sikiliza k, t na b. Elimu na mwalimu ni jamaa ya mtaalamu na taaluma. Anayemjua ndugu mmoja aweza kumtambua mwingine kwa sura akutanapo naye njiani, ingawa yampasa kuuliza habari zake kabla ya kumkaribisha.

NENO MOJA, MAANA MBILI

Mara nyingine neno lenye hila ni lile ambalo msomaji alijua tangu utoto. Mtoto wa bara asomaye ya kuwa mke wa mvuvi aliketi juu ya mbuzi akakuna nazi atashangaa, asijue ya kuwa mbuzi huyo ni kibao chenye chuma cha kukunia nazi. Paa ni mnyama wa porini, tena ni sehemu ya juu ya nyumba, tena ni kwenda juu hewani. Kaa ni mnyama wa baharini, tena ni kipande cha moto, tena ni kuketi. Kushinda ni kupata ushindi, tena ni kukaa mahali mchana kutwa. Kuota ni kuona ndoto, tena ni kumea kwa mmea, tena ni kukaa karibu na moto au jua ili kupata joto. Kwa hiyo msomaji afunguapo kamusi asichukue maana ya kwanza akakimbia. Asome zote, kisha azirudishe kitabuni moja moja na kuona ni ipi itakayokaa sawa.

Kadhalika yako maneno yaliyofungwa pamoja. Mzee aliyekula chumvi nyingi hakuketi na kibuyu cha chumvi. Ameishi miaka mingi. Mtu aliyepiga moyo konde hakujipiga kifua, amejipa ushujaa. Watu waliokula njama hawakula chakula. Wamepatana kwa siri kutenda uovu. Sentensi ikionekana ya ajabu, hali kila neno lake lajulikana, huenda ni msemo.

HABARI ZA KAMUSI

Zamani kamusi za Kiswahili zilitungwa ili kuwasaidia wageni. Kamusi ya Ludwig Krapf ilichapishwa London mwaka 1882, nayo ilieleza maneno kwa Kiingereza. Mwaka 1935 ilitoka kamusi ya Frederick Johnson iliyoeleza Kiswahili kwa Kiswahili. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa "Kamusi ya Kiswahili Sanifu," ambayo imepigwa chapa tena mara kadhaa na yaonekana katika shule nyingi. Ndani yake alama "nm" ni nomino, yaani jina la kitu. Na "kt" ni kitenzi, yaani neno la kutenda. Anayeziruka alama hizo huchukua jina akalifanya tendo.

Shule nyingi za vijijini zina kamusi moja au mbili kwa darasa zima. Hilo lisiwe udhuru. Kila mwanafunzi na aandike maneno yake matano au sita ya juma, pamoja na kisio lake mwenyewe na sentensi aliyoyakuta. Kisha siku moja iliyowekwa kamusi ifunguliwe mezani, mmoja asome kwa sauti, wote wasikilize. Kwa njia hii kamusi moja yaweza kuwatosha watoto 40, na neno la mmoja litakuwa la wote.

KULIWEKA NENO LISIPOTEE

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Neno ni mali. Kwa hiyo msomaji awe na daftari ndogo ya maneno tu. Katika kila neno aandike mambo manne: neno lenyewe bila ya nguo zake, sentensi ya kitabu alimolikuta, na ukurasa wake, maana yake kwa maneno yake mwenyewe, si kwa kunakili, na mwisho sentensi moja aliyoitunga juu ya mambo ya kwao. Hili la nne ndilo kubwa. Aliyeandika, "Jirani alimsingizia kaka yangu ya kuwa ameiba jembe," hatalisahau upesi neno kusingizia.

Tena kuandika mara moja hakutoshi. Mwaka 1885 Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alitangaza habari za majaribio aliyojifanyia mwenyewe juu ya kukumbuka na kusahau. Aliona ya kuwa mtu husahau upesi sana katika saa za kwanza, kisha kusahau kwake hupungua mwendo. Na ya kuwa kurudia kulikogawanywa katika siku mbalimbali kwafaa kuliko kurudia mara nyingi kwa siku moja. Basi afanye hivi: alitazame neno kesho yake, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya juma, kisha baada ya mwezi. Kila mara afunike maana kwa mkono, aitafute kichwani kwanza, ndipo afunue. Maneno matano kwa juma yaonekana machache, lakini kwa majuma 40 ni maneno 200. Haba na haba hujaza kibaba.

KWA WALIMU NA WAZAZI

Mwalimu asiwape watoto orodha ndefu ya maneno yaliyong'olewa katika kitabu wakaimba kama kasuku. Neno lililotolewa katika sentensi yake ni kama samaki aliyetolewa majini. Halikai siku nyingi. Tena mtoto aulizapo asikemewe wala asichekwe. Kuuliza si ujinga. Darasa ambamo anayeuliza huchekwa ni darasa ambamo wote hunyamaza, na mwalimu hujua wasiyoyajua siku ya mtihani, wakati dawa imekwisha faida.

Mzazi asiyejua kusoma naye ana kazi yake. Na amwambie mwanawe jioni, "Nisimulie sura uliyoisoma leo." Mtoto aliyeelewa atasimulia, asiyeelewa atakwama, na mahali atakapokwama ndipo lilipo neno gumu. Tena wazee wanayo maneno mengi ambayo kijana huyatafuta katika kamusi, kama vile majina ya vyombo, ya mitego, ya ukoo na ya sherehe. Babu au bibi aweza kuwa kamusi iliyo karibu zaidi.

Mwisho twasema jambo hili kwa wakubwa wa vijiji. Watu wengine huona ya kuwa hadithi ni mchezo, na ya kuwa kijana apotezaye jioni yake juu ya neno moja la hadithi angefanya vema kushika jembe. Lakini maneno ya kitabu cha hadithi hayakai kitabuni. Mshitakiwa, shahidi, dhamana, fidia, rufani, rehani, wosia: haya yote kijana aweza kukutana nayo katika hadithi, mahali ambapo kukosea hakumgharimu kitu ila alama moja. Siku nyingine atakutana nayo katika karatasi ya shamba la babaye, na pale pa kutia sahihi pameachwa wazi. Mtu aliyeweka shamba rehani amelifanya kuwa amana ya deni, naye aweza kulipoteza asipolipa. Anayedhani ya kuwa rehani ni jina jingine la kukopa tu ataijua maana siku atakapokuja mwenye kudai. Mtu aliyezoea kuruka maneno katika hadithi ataruka na hilo.

Kwa hiyo kijiji chenye vijana wasimamao mbele ya neno wasilolijua, wakaliuliza, wakalimenya, wakaliandika, ni kijiji kisichodanganywa upesi. Na kazi hiyo haihitaji fedha nyingi: kitabu kimoja, kamusi moja, daftari na kalamu, na mtu mzima wa kumwuliza mtoto kila jioni, "Umesoma nini leo, na maana yake ni nini?"